Siku ya Kupimwa si Siku ya Kusema Sijambo

Katika visiwa vyetu mtu akiulizwa hali hujibu "sijambo", hata kama usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu. Ni adabu tuliyolelewa nayo, wala hatuna haja ya kuiondoa barazani. Lakini ipo siku moja ambayo adabu hiyo humdhulumu mwenyewe, nayo ni siku anapokaa mbele ya madaktari ili ulemavu wake upimwe na haki yake ikadiriwe.

Milango ya haki hiyo ipo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, una mafao kwa mwanachama ambaye ulemavu umemwondoa kazini. Sheria ya fidia ya mwaka 1986 inamhusu mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini. Wachumaji walioanguka mikarafuu nao wamekuwa wakilipwa fidia kupitia Shirika la ZSTC. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 28 kinatambua haki ya hifadhi ya jamii. Taratibu hutofautiana, lakini mwombaji hana budi kuthibitisha hali yake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu huulizwa, "Unatembea?" Naye kwa kuona haya hujibu, "Natembea." Jibu huandikwa. Haiandikwi kwamba baada ya hatua ishirini hukaa kitako, kwamba ngazi humshinda, wala kwamba akienda sokoni leo, kesho hainuki kitandani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha uchi hazai.

Kwa hivyo matayarisho yaanze wiki mbili kabla. Mwombaji, au mwanawe anayesoma skuli, achukue daftari aandike kila siku ni kazi gani aliifanya peke yake, ipi alisaidiwa na nani, ipi ilimshinda, na baada ya kila kazi alikuwaje. Kuoga, kuvaa, kuteka maji, kwenda chooni usiku, kushika jembe au kasia: mambo haya ya kila siku ndiyo yanayoonesha ukubwa wa ulemavu. Kwa kila kazi ajiulize maswali matatu. Je, anaiweza bila ya hatari? Anaiweza tena na tena? Anaiweza kwa muda wa kawaida? Palipo na "hapana", paelezwe.

Nyaraka nazo zikusanywe mapema: kitambulisho, vyeti vya hospitali, picha za eksirei, majina ya dawa, taarifa ya ajali, na barua ya mwajiri au ya Sheha. Nakala zibaki nyumbani. Afuatane na yule anayemuuguza, kwani mengi ambayo mgonjwa huyameza, muuguzi huyajua. Mwenye kifafa, maradhi ya akili au uziwi amhitaji zaidi shahidi huyo, kwa kuwa ulemavu wake hauonekani kwa kumtazama tu.

Tunasisitiza pia upande wa pili. Gongo analolitumia mtu kila siku alichukue, asilolitumia asiliazime. Anayetia chumvi katika maelezo yake huwaletea shaka wenzake watakaofuata, na huenda jirani yake mkweli ndiye akalipa gharama ya uongo huo. Mwombaji aseme hali ya siku zake nzuri na ya siku zake mbaya, na aseme zipi ni nyingi zaidi.

Maofisa nao wana wajibu wao, na wao ndio wenye kalamu. Swali la "unaweza?" halitoshi, na liulizwe "unafanyaje, kwa muda gani, na baadaye huwaje?" Mtu wa Kojani au Tumbatu huvuka bahari kabla ya kupanda gari, basi tarehe ajulishwe mapema na asirudishwe kwa sababu daktari hakufika. Chumba cha kupimia kisiwe ghorofani pasipo na lifti. Asiyesikia awekewe mkalimani wa lugha ya alama. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake, na aliyekataliwa aelezwe wapi atakata rufaa na kwa muda gani.

Fedha hizi si sadaka. Nyingine zimetokana na michango ya mfanyakazi mwenyewe, nyingine na jasho la mchumaji juu ya mkarafuu. Mwananchi ana wajibu wa kusema kweli yote, na serikali ina wajibu wa kuisikiliza yote. Tunawaomba masheha na viongozi wa matawi wawatembelee majumbani wanaosubiri kupimwa, na wawasaidie kuanza hilo daftari.