Kuzima Mashine Pepe Kabla Betri Haijaisha

Tuanze na istilahi. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi: ina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo endeshi wake. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Wazo hili ni la zamani. IBM ilitangaza VM/370 mwaka 1972. Kilichoshuka ni gharama. Tangu KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, iingie katika kiini cha Linux mwaka 2007, kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya kutosha yaweza kupokea wageni kadhaa bila leseni ya kulipia.

Tuseme duka la jumla la Nateete, Kampala, kando ya barabara ya Masaka, lina mwenyeji mmoja chini ya meza na wageni watatu. Wa kwanza anatunza hifadhidata ya mauzo. Wa pili anaendesha programu ya risiti, ambayo husoma na kuandika katika hifadhidata hiyo. Wa tatu anahifadhi mafaili ya ofisi.

Umeme ukikatika, UPS, yaani betri ya akiba, inabakiza dakika chache, tuseme kumi. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme Uganda umo mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika, lakini kwa seva hilo si hoja: laini ikianguka au uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zikiisha saa nane usiku, giza ni lile lile, na msimamizi amelala. Kazi yake lazima ifanywe na skripti, yaani faili la maandishi lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano. Programu ya kuchunguza UPS, kama NUT, huiita skripti hiyo betri inaposhuka.

Wengi huandika mistari mitatu tu kwa `virsh`, amri ya kusimamia wageni: `virsh list --name` itaje wageni walio hai, `virsh shutdown` ipewe kila jina, kisha mwenyeji azimwe. Inasomeka vizuri, na hapo ndipo penye mtego. `virsh shutdown` haizimi kitu. Inampelekea mgeni ishara, sawa na mtu aliyebonyeza kitufe cha kuwashia, halafu inarudi papo hapo. Mgeni anaweza kuchukua sekunde ishirini kufunga shughuli zake, au asijibu kabisa. Skripti isiyosubiri humzima mwenyeji hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika.

Kwa hiyo kila amri ifuatwe na swali. `virsh domstate` iulizwe kila baada ya sekunde tano hadi jibu liwe `shut off`, na kuwe na kikomo, kwa mfano dakika mbili kwa kila mgeni. Kikomo kikipita, inabaki `virsh destroy`. Jina lake linatisha kuliko kazi yake: haifuti diski, ila ni kama kung'oa waya, kwa hiyo iwe ya mwisho. Mpangilio nao una uzito: programu ya risiti itangulie kuzimwa, hifadhidata ifuate. Wakati wa kuwasha, kinyume chake.

Ipo njia nyingine, `virsh managedsave`, inayohamisha kumbukumbu ya mgeni hadi diskini. Tupige hesabu: gigabaiti 4 kwenye diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde ni kama sekunde 40, wageni watatu, dakika mbili. Akiamka, mgeni huendelea pale alipoachia, ila saa yake imechelewa na miunganisho yake imekufa. Kwa mafaili hiyo inatosha. Kwa hifadhidata ya mauzo ningechagua kuzima. Huduma ya `libvirt-guests` hufanya sehemu ya kazi hii, kikomo cha kusubiri kikiwemo, lakini haijui kwamba risiti hutegemea hifadhidata.

Kwa maoni yangu, ile skripti ya mistari mitatu ina hatari zaidi kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa mwenye duka huacha kuwa na wasiwasi. Ijaribiwe mchana, mauzo yakiwa yamefungwa: chomoa UPS ukutani, shika saa. Betri huchakaa, hivyo muda wote ukizidi dakika tano, punguza kikomo cha mgeni wa mafaili. Cha hifadhidata usikiguse.