Elimu ya afya chuoni ipimwe kwa kadi ya chanjo

Tafiti nyingi za wanafunzi wa uuguzi kuhusu wenzao wa vyuo vikuu hupita njia moja. Mtafiti hugawa hojaji, hutoa somo, kisha baada ya wiki chache hugawa hojaji ileile. Alama zikipanda, huandika kwamba elimu ya afya imefanikiwa. Na alama hupanda mara nyingi, maana aliyefundishwa juzi hujibu vizuri leo. Kilichopimwa hapo ni kumbukumbu, nayo haimkingi mtu na ugonjwa.

Ushahidi tunao hapa nyumbani Tanzania. Mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jamii 20: kumi zilipata masomo ya afya ya uzazi shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana katika vituo vya afya, kumi zikawa za kulinganishia. Watafiti hawakuishia kwenye maswali, walipima damu pia. Ujuzi wa vijana ulipanda, na walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008 sehemu ya ujuzi huo ilikuwa bado ipo. Lakini maambukizi ya VVU na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua. Wangetumia hojaji peke yake, wangeondoka wakiamini wameshinda.

Atakayesema kwamba wale walikuwa watoto wa shule za msingi, na msomi wa chuo hutenda anachokijua, aitazame homa ya ini aina ya B. Mwanafunzi wa uuguzi asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa hiyo, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Hatari hiyo hufundishwa darasani. Hata hivyo chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Katikati hapo kuna mitihani, likizo, mafunzo ya vitendo mbali na chuo, na gharama. Kujua hatari hakumrudishi mtu kwenye dozi ya tatu kama chanjo haipo karibu naye.

Kuna hoja nzito zaidi: mwanafunzi hana muda wala fedha za kupima damu ya watu. Ni kweli, lakini kusoma kadi ya chanjo hakuhitaji maabara, na waliochanjwa dozi ya kwanza mwaka huu wanaweza kufuatiliwa na darasa litakalofuata. Hojaji nayo ibaki, imuulize asiyerudi kilichomzuia. Kuhesabu si jambo geni kwa wauguzi: Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, baada ya vita vya Crimea, alihesabu vifo vya askari na sababu zake, na kwa hesabu hizo akadai hospitali zibadilishwe.

Wasimamizi wa tafiti, kabla ya kuidhinisha pendekezo lijalo, mwulizeni mwanafunzi wenu: mbali na majibu ya maswali, utahesabu nini?