Mmoja hospitali, mwingine jukwaani: Hesabu ngumu ya sekunde 10 za Langalanga

Julai 18, 2021, Silverstone, Uingereza. Mzunguko wa kwanza hata haujaisha, Max Verstappen na Lewis Hamilton wanaingia kona ya Copse bega kwa bega. Tairi la mbele kushoto la Hamilton linagusa tairi la nyuma kulia la Verstappen, na gari la Mholanzi huyo linachomoka barabarani na kujikita kwenye ukuta wa matairi.

Kipimo kilisoma 51G, yaani kwa muda mfupi sana mwili wake ulibeba mara 51 ya uzito wake. Alitoka mwenyewe, lakini akapelekwa hospitali kuchunguzwa.

Hamilton akapigwa adhabu ya sekunde 10 na pointi mbili za makosa kwenye leseni. Akaitumikia aliposimama kubadili matairi, akakanyaga mafuta, mwishoni kabisa akampita Charles Leclerc na kushinda mbele ya mashabiki wa nyumbani. Pengo la pointi 33 alizokuwa anaongoza Verstappen likashuka hadi nane.

Red Bull walichemka. Wakaomba uamuzi uangaliwe upya, wakagonga mwamba. Swali lao lilikuwa lile lile la shabiki yeyote wa kijiweni: mtu anampeleka mwenzake hospitali halafu anabeba kombe, hiyo ni adhabu gani?

Jibu la waamuzi wa mbio ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Wao wanahukumu kosa, hawahukumu hasara. Siku ile waliona Hamilton alikuwa na nafasi ya kubana zaidi upande wa ndani wa kona na hakuitumia, hivyo lawama kubwa ni yake. Lawama kubwa, siyo yote. Gari lililogongwa lingezunguka tu na kuendelea na mbio, au lingevunjika vipande viwili, hesabu ingebaki hiyo hiyo.

Watu wa soka wanalijua hili, ila huwa wanalisahau presha ikipanda. Novemba 3, 2019, pale Goodison Park, Son Heung-min wa Tottenham alimchezea rafu Andre Gomes wa Everton. Gomes akaanguka vibaya, akavunjika kifundo cha mguu. Mwamuzi Martin Atkinson awali alitaka iwe kadi ya njano, lakini hali ya mguu ilipoonekana akageuza ikawa nyekundu. Tottenham wakakata rufaa na FA ikaifuta kadi ile pamoja na adhabu ya mechi tatu. Rafu ilikuwa ya njano. Mguu ndiyo uliokuwa wa nyekundu, na mguu hauhukumiwi.

Kwa hiyo kwenye msingi, waamuzi wa Langalanga wako sawa. Ukianza kupima kosa kwa ukubwa wa majeraha, dereva mzembe mwenye bahati atapona kila wiki na mwenye nuksi ataumia kwa kosa dogo.

Namna ya kugawa lawama nayo siyo ya kubahatisha. Anayepita kwa ndani anatakiwa tairi lake la mbele liwe limefika angalau usawa wa kioo cha pembeni cha mwenzake kabla ya kufika sehemu ya ndani kabisa ya kona. Akifika hapo, ana haki ya kuachiwa nafasi. Asipofika, amejipeleka mwenyewe. Ni kama mstari wa kuotea, tofauti ni kwamba huu unachorwa magari yakiwa kwenye mwendo mkali na mstari wenyewe unatembea.

Tatizo liko kwenye bei.

Kadi nyekundu inaiuma Manchester City sawa na inavyoiuma timu ya mkiani, wote wanabaki 10. Sekunde 10 haziko hivyo. Ukiwa na gari la kasi unazirudisha, ukiwa na gari la kawaida zinakuzika.

Juni 30, 2024, Austria, Verstappen akigombea uongozi wa mbio na Lando Norris waligusana, wote wakapasua matairi. Norris mbio zikaishia pale. Verstappen akaonekana mkosaji, akala sekunde 10, na bado akamaliza wa tano. Aliyegonga akaondoka na uongozi mkubwa zaidi wa ubingwa kuliko aliokuja nao.

Au chukua Monza, Septemba 12, 2021. Gari la Verstappen lilipanda juu ya la Hamilton, tairi likasimama juu ya kichwa, kile chuma cha kinga kikaokoa maisha. Wote wakatoka nje ya mbio, kwa hiyo hakukuwa na sekunde za kukata. Waamuzi wakasema Verstappen arudi nyuma nafasi tatu mbio zinazofuata, nchini Urusi. Red Bull wakafanya ujanja, wakabadili injini huko huko na kukubali kuanzia mkiani. Nafasi tatu zikayeyuka. Akamaliza wa pili!

Adhabu nzito huja pale nia inapoonekana. Jerez, 1997, Michael Schumacher aligeuza usukani akamgonga Jacques Villeneuve kwenye mbio za kuamua ubingwa. Waamuzi wa siku ile waliona ni ajali ya mbio tu. Baadaye FIA ikamfuta kabisa kwenye msimamo wa msimu.

Upande wa pili wa mzani yupo Kevin Magnussen. Sheria inasema dereva akifikisha pointi 12 za makosa ndani ya miezi 12 anakosa mbio moja. Septemba 1, 2024, Monza tena, aligusana kidogo na Pierre Gasly. Gari zote zikaendelea, na Gasly mwenyewe akasema haoni kosa la kumfungia mtu. Adhabu ikawa sekunde 10 na pointi mbili, ile ile ya Hamilton pale Silverstone. Zikatimia 12. Akawa dereva wa kwanza kufungiwa kwa mfumo huo tangu uanze mwaka 2014.

Wiki mbili baadaye huko Baku, Magnussen akiwa nje, Sergio Perez na Carlos Sainz walivaana wakigombea nafasi ya tatu, mzunguko mmoja kabla ya mwisho. Magari yote mawili yakaishia ukutani. Waamuzi wakakaa, wakaangalia picha, wakasema hakuna mwenye lawama kubwa kuliko mwenzake. Hakuna sekunde, hakuna pointi.

Nafasi ya 10 siku hiyo ilikwenda kwa kijana Oliver Bearman, aliyekuwa amekalia kiti cha Magnussen.