Kabla hujatuma hela ya ploti

Wengi wenu mlio Ghuba mnatuuliza: "Nimepata ploti huko nyumbani Kenya kwa shilingi 600,000, nitume kianzio?" Tunawaambia, ngoja kwanza.

Moja, mwombe muuzaji namba ya hati miliki, kisha wakili wako, sio wake, akafanye sachi kwenye usajili wa ardhi. Sachi huonyesha mwenye ardhi ni nani, na kama imewekwa rehani au ina zuio. Picha ya hati kwenye WhatsApp sio sachi.

Mbili, bei sio gharama yote. Mnunuzi ndiye hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Kwa ploti hiyo ikiwa mjini, ni 24,000, mbali na ada ya wakili.

Tatu, hati iandikwe jina lako. Ikiandikwa jina la kaka kwa sababu yeye yuko karibu, kwenye rejista mwenyewe ni kaka. Siku ukirudi mkose kuelewana, risiti zako za kutuma hela zitakupeleka kortini, sio kwenye ploti.