Ukitaka kuagiza bidhaa kupitia Sirari, anza na asili ya mzigo

Mtu wa Tarime au Mugumu anayetaka kuanza biashara ndogo ya kuagiza bidhaa, pamoja na ndugu yake wa ughaibuni anayemtumia mtaji, huanza kwa kuulizia bei ya kununulia na nauli. Hayo ni ya lazima, lakini mimi nasema swali la kwanza liwe hili: bidhaa imetengenezwa wapi? Pale Sirari, mji wa mpakani unaopakana na Isebania ya Kenya, forodha haitazami duka ulikonunua. Inatazama asili ya bidhaa.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, baada ya itifaki yake kutiwa saini Machi 2004. Chini ya umoja huo bidhaa yenye uasili wa nchi mwanachama husamehewa ushuru wa forodha, na iliyotoka nje ya Jumuiya hutozwa kwa viwango vya pamoja. Kwa wafanyabiashara wadogo ukawekwa utaratibu rahisi: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na forodha ya nchi unakotoka. Mbali na cheti, utahitaji leseni ya biashara, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) itakudai namba ya mlipakodi (TIN), na chakula, mbegu au dawa vina vibali vyake.

Tofauti inaonekana kwenye hesabu. Chukua mzigo wa shilingi 1,000,000, thamani iliyojumlisha bima na usafiri, ulio katika kundi la ushuru wa 25%. Kama ni ndoo na mabeseni ya kiwanda cha Kenya, yenye cheti, ushuru ni sifuri. Inabaki kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 18%, yaani 180,000. Kama ni mzigo wa China ulionunuliwa Nairobi, ushuru ni 250,000, na VAT inapigwa juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla ni 475,000, kabla ya tozo nyingine. Pengo la 295,000 linaweza kumeza faida yote, na mwenye duka dogo asiyesajiliwa VAT hana pa kuidai. Kwa hiyo anayedhani cheti kinafuta kodi zote anakosea, na anayedhani kila kinachouzwa Kenya ni cha Kenya anakosea zaidi.

Wapo watakaosema hayo yote ni usumbufu, kwa kuwa njia za panya zipo na Wakuria wanaishi pande zote mbili, Tarime, Serengeti na Migori, wakitembeleana kama ndugu. Undugu huo ni wa kweli, na mpaka ulichorwa na wakoloni bila kuwauliza. Lakini mzigo uliokamatwa unaweza kutaifishwa, na anayeanza na mtaji mmoja hubaki hana kitu. Tena asiye na karatasi hawezi kwenda benki kuonyesha mauzo, wala kumdai fidia aliyemuuzia bidhaa mbovu. Wengine watauliza kwa nini wasiagize moja kwa moja kutoka Guangzhou au Dubai, ambako bei ni ya chini. Wataweza baadaye, wakishajua soko lao. Mzigo mdogo wa Sirari unarudisha fedha haraka na kuonyesha wateja wa Mugumu wananunua nini, kabla mtaji haujafungwa baharini kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye ughaibuni, usitume fedha kwa maneno ya "biashara ipo." Mwombe aliye nyumbani akuonyeshe TIN, leseni, jina la bidhaa, nchi iliyoitengeneza, na hesabu ya kodi aliyoiulizia kwenye ofisi ya forodha. Akiwa nayo, mpe mtaji wa mzigo mmoja mdogo. Akiwa hana, msaidie kwanza kuipata.