Meza za Knole

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusini hapa mjini. Mlangoni kijana wa kamati aliitazama kadi yangu, akatazama karatasi yake, kisha akanipeleka meza ya nyuma kabisa, karibu na wapishi. Mchango wangu ulikuwa mdogo, sina la kulalamika. Ila karatasi ile ilinikumbusha nyingine, ya zamani sana, iliyoandikwa Uingereza.

Huko Kent, mjini Sevenoaks, kuna jumba kubwa liitwalo Knole. Mwanzoni mwa karne ya 17 lilikuwa mali ya kabaila mmoja, Richard Sackville, Earl wa Dorset. Humo iliandikwa orodha ya watu wote wa nyumba, kuanzia mwaka 1613 hadi 1624, na majina yanapita mia moja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitafuta mishahara, nikaambulia patupu. Watu wamepangwa kwa meza waliyolia chakula.

Meza ya kwanza ni ya Bwana mwenyewe, mkewe na watoto. Ya pili, sebuleni, ni ya msimamizi wa nyumba na watumishi wenye heshima. Kwenye ukumbi mkubwa kuna meza ya makarani, na hapo wanakaa pia mpishi mkuu, mwoka keki na mchinjaji. Yaya wana meza yao. Kisha inakuja meza ndefu, nayo ni kijiji kizima: kinyozi, mwindaji mkuu, mtunza silaha, mwendesha gari la farasi, watunza farasi. Mwisho ni meza ya wafua nguo na ile ya jikoni. Ukijua mtu alikula wapi, umejua cheo chake.

Lakini tusiiamini sana karatasi hii. Kwenye meza ya kwanza alikaa Lady Anne Clifford, mke wa Bwana. Bahati njema, mama huyu alikuwa akiandika shajara, na shajara yake ya mwaka 1616 inaeleza mengine kabisa. Alikuwa akidai urithi wa ardhi ya baba yake, aliyefariki mwaka 1605. Mumewe alitaka aiache, wachukue fedha taslimu. Alipokataa, mwezi Mei mwaka huo Bwana aliagiza binti yao Margaret, asiyetimiza hata miaka miwili, aondolewe Knole akaishi mbali na mama yake. Na kwenye meza ya pili alikaa Matthew Caldicott, ambaye orodha inamwandika waziwazi kuwa kipenzi cha Bwana. Lady Anne analalamika kwamba mtu huyu alikuwa akimchongea kwa mumewe. Basi nani alikuwa na sauti ndani ya nyumba ile: mama wa meza ya kwanza, au bwana wa meza ya pili? (Ardhi yake aliipata mwaka 1643, baada ya mume huyo na warithi waliomzuia kufa. Alikuwa mama mgumu.)

Yeye angalau alikuwa na kalamu. Shukeni nami hadi meza za chini. Kwa wafua nguo yumo Grace Robinson. Jikoni yumo John Morocco. Mbele ya majina yao imeandikwa kwamba ni watu weusi, kwa neno walilolitumia Waingereza wa siku zile. Hao ni Waafrika, au wenye asili ya Afrika, ndani ya jumba la kabaila wa Kiingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Walitoka wapi, walifikaje, walilipwa au hawakulipwa, karatasi imenyamaza.

Anne Mills, aliyekula meza moja na Grace, ameandikiwa kazi yake: mhudumu wa maziwa. Grace ameandikiwa rangi. Na kazi ya John tunaikisia tu, kwa kuwa alikula jikoni.