MGUU MMOJA UKIVIMBA, USIUCHUE

Tuzungumze juu ya ugonjwa ambao majumbani hupewa majina mengi. Mtu anaamka na mguu mmoja umevimba, una joto, na kigimbi kinauma akiukanyagia. Jirani mmoja atasema ni matende. Mwingine atasema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Kisha linaletwa chupa la mafuta, na mguu unachuliwa.

Matende yapo kweli katika nchi yetu. Lakini unene wa matende hujengeka polepole, kwa miezi na miaka. Mguu uliokuwa mzima Jumapili na Jumanne umejaa, huenda una maambukizi ya ngozi, na huenda damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa. Ukiuchua mguu wa namna hiyo, bonge la damu laweza kung'oka, likapanda hadi kwenye mapafu na kuua mtu kwa muda mfupi.

Tukisema mshipa hapa hatusemi ule wa ngiri ambao wazee huutaja. Tunasema mirija inayopitisha damu. Damu kuganda ni jambo jema jembe linapokukata shambani. Shida ni pale inapoganda ndani ya mshipa usiokatika. Chanzo ni mojawapo ya mambo matatu, ambayo huhusishwa na jina la daktari Mjerumani, Rudolf Virchow: damu kwenda polepole mno, damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda, au ukuta wa mshipa kuharibika. Hadi leo madaktari huanzia hapo.

Jambo hilo la tatu ndilo lisilojulikana sana. Ukuta wa ndani wa mshipa mzima ni laini kama sufuria mpya, damu haishiki. Lakini yapo magonjwa sugu ambayo kinga ya mwili huacha kupigana na vijidudu na kuushambulia ukuta huo, mwaka hadi mwaka. Ukuta unavimba, unakwaruzika, na damu inashika pale kama ukoko wa ugali.

Mwaka 1908 daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, alieleza ugonjwa mmoja wa jamii hiyo, ambao huwapata hasa wanawake vijana hata mapigo ya damu mkononi yakapotea. Mwaka uleule Leo Buerger, huko New York, alieleza mwingine unaowapata wavuta tumbaku: mishipa ya vidole inaziba, vidole vinakuwa vyeusi na hatimaye hukatwa. Dawa yake kubwa ni kuacha tumbaku kabisa, kupunguza hakusaidii. Mwaka 1937 Hulusi Behçet wa Uturuki akaeleza wa tatu, wenye vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyorudi-rudi, pamoja na macho mekundu yenye maumivu. Huu wa Behçet hugandisha damu miguuni hata kwa vijana wa kiume wenye nguvu zao.

Kwetu magonjwa hayo matatu ni adimu. Lakini mwili unaowaka ndani kwa muda mrefu kwa sababu nyingine, kama virusi vya UKIMWI, kifua kikuu au lupasi, nao damu yake huganda kwa urahisi. Hapo ndipo mizigo inaporundikana. Mgonjwa wa kifua kikuu amelala kitandani wiki tatu. Mwingine anasafiri kwa basi kutwa nzima hadi Mwanza, hanywi maji ili asisumbuke njiani. Mwingine amepasuliwa, ana saratani, anavuta sigara, au anatumia vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni. Kila jambo peke yake laweza kupita salama; yakikutana mawili matatu, hatari inakuwa kubwa.

Akina mama wazazi tuwaangalie zaidi. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ni za hatari, hasa kwa aliyepasuliwa. Desturi ya kukaa ndani siku arobaini si mbaya, ila kukaa ndani si kulala. Mzazi ainuke, atembee uani, anywe maji na uji wa kutosha.

Mguu ukivimba ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali, iwe ya Wilaya pale Kilosa au Mtakatifu Kizito kule Mikumi. Akihema kwa shida, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, au akikohoa damu, msingoje kuche.

Daktari aelezwe yote: vidonda vya mdomo, macho, homa za muda mrefu, na dawa anazotumia mgonjwa. Hii si porojo. Kwa kawaida bonge hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu isigande, kama heparini na wafarini. Lakini ikiwa ukuta wa mshipa ndio unaowaka, dawa hizo peke yake hazitoshi. Lazima uvimbe wenyewe utulizwe, mara nyingi kwa prednisoloni na nyinginezo. Katika ugonjwa wa Behçet mishipa ya mapafu huweza kututumka, na hapo dawa ya kuzuia kuganda yaweza kuleta damu nyingi kifuani. Na aliyezoea prednisoloni kwa muda mrefu asiikatishe ghafla kwa kuwa amepata nafuu.

Anayetumia wafarini hakatazwi mchicha, matembele wala kisamvu. Ale kwa kiasi kilekile kila wiki, maana mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Asichanganye na aspirini, diklofenaki au mizizi ya kuchemsha bila kumwuliza daktari, na arudi kupimwa damu kila anapopangiwa. Hata akienda kung'oa jino, achukue cheti chake na amwonyeshe mganga kabla ya kukaa kwenye kiti.